Aliyoyasema Laura Wilder na Aliyoyanyamazia

Mwandishi anayetoa kitabu chake cha kwanza akiwa na umri wa miaka 65 si wa kawaida. Na ikiwa mwandishi huyo ni mwanamke wa shamba, ambaye mikono yake imekamua ng'ombe na kufuga kuku kwa makumi ya miaka kabla ya kuandika kitabu, yafaa tumtazame kwa makini zaidi. Bibi Laura Ingalls Wilder alizaliwa tarehe 7 Februari, 1867, msituni karibu na Pepin katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Alifariki tarehe 10 Februari, 1957, huko Mansfield, jimbo la Missouri, siku tatu baada ya kutimiza miaka 90. Kati ya tarehe hizo mbili alikuwa mtoto wa mlowezi maskini, mwalimu wa shule ya chumba kimoja, mke wa mkulima, mwandishi wa makala katika gazeti la wakulima, na mwisho mtungaji wa vitabu vinane vilivyotoka kati ya 1932 na 1943, ambavyo hata leo husomwa na watoto wa mataifa mengi.

Katika insha hii sikusudii kusimulia maisha yake yote. Nataka kuvipima vitabu vyake kwa mizani moja tu: alisema nini, na alinyamazia nini. Mtu asimuliapo maisha yake mwenyewe, kimya chake nacho ni sehemu ya maneno yake.

Kwanza msomaji hana budi kuijua nchi yenyewe. Katikati ya Marekani pana mbuga tambarare ambazo jicho halipati mti wa kupumzikia. Mwaka 1862 serikali ya nchi ile ilitunga sheria kwamba mtu akubaliye kukaa juu ya ardhi ya serikali kwa miaka mitano na kuilima, apewe eka 160 ziwe mali yake. Charles Ingalls, baba yake Laura, alikuwa mpiga fidla hodari na mtu asiyetulia mahali pamoja. Aliichukua familia yake katika gari la turubai lililokokotwa na farasi, akaenda nayo Kansas, akarudi Wisconsin, akahamia Minnesota ambako nzige walimaliza mazao yake, akapita Iowa, na hatimaye mwaka 1879 akafika Dakota, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijawa jimbo kamili. Safari hizo ndizo kiini cha karibu vitabu vyote.

Mama yake, Bibi Caroline, alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa, na shauku yake ilikuwa angalau binti mmoja wa nyumba ile aishike kazi hiyo. Fungu hilo alikuwa amewekewa Mary, binti mkubwa. Lakini mwaka 1879 Mary alishikwa na maradhi makali, akapofuka macho yote mawili akiwa na umri wa miaka 14. Basi mzigo ukawa wa Laura, ambaye hakuipenda kazi ya kufundisha hata kidogo. Hapa pana jambo ambalo naliona kuwa ufunguo wa sanaa yake yote. Katika kitabu cha By the Shores of Silver Lake, kilichotoka mwaka 1939, baba amwagiza Laura awe macho ya dada yake: kila alionalo, alitaje kwa maneno ili Mary naye alione. Tangu siku hiyo msichana huyu hakutazama kitu kwa ajili ya nafsi yake peke yake. Akiona farasi wanakimbia machweoni, lazima atafute neno la rangi yao na neno la mwendo wao, na neno likikosea, Mary humsahihisha. Waandishi wengi walifundishwa kuandika na vitabu walivyovisoma. Huyu alifundishwa na kipofu. Ndiyo maana maelezo yake hayana mapambo ya bure. Mtu asiyeona hahitaji kuambiwa kwamba kitu kinapendeza. Ahitaji kuambiwa kilivyo.

Kitabu cha mwisho kati ya vile vinane, These Happy Golden Years cha mwaka 1943, chaeleza jinsi alivyokuwa mwalimu. Laura wa kitabuni hajatimiza miaka 16 baba yake anapompeleka, kwa gari la theluji lisilo na magurudumu, mpaka mahali palipo maili 12 kutoka mji wa De Smet. Shule yake ni kibanda cha mbao kilichoachwa na mwenyewe, na theluji hupenya katika nyufa za kuta. Wanafunzi ni 5 tu, na baadhi yao ni warefu kuliko mwalimu. Mshahara ni dola 20 kwa mwezi, kwa miezi miwili. Laura azihitaji dola hizo ili Mary aendelee kukaa katika chuo cha vipofu huko Iowa.

Miongoni mwa wanafunzi yumo kijana mmoja mkaidi, Clarence, ambaye hasomi masomo yake na huwachokoza wenzake. Mwalimu hana nguvu za kumwadhibu, wala kimo cha kumtisha. Mama yake ndiye ampaye shauri la kuacha kushindana naye. Basi Laura aanza kumpimia Clarence masomo mafupi, kana kwamba hawezi zaidi, na kwa upole amwacha aone mwenyewe jinsi wenzake wanavyompita. Kiburi kilekile kilichomfanya mkaidi chamfanya asome usiku ili awafikie. Kila mwanafunzi aliyewahi kumjaribu mwalimu mgeni ataufurahia ukurasa huo, na mwalimu ataufurahia mara mbili.

Lakini ukurasa wenye nguvu zaidi hauhusu darasa. Laura amepangiwa kulala katika nyumba ya mzee wa kamati ya shule, Bwana Brewster, ambaye mkewe ni mwanamke mwenye uchungu, hasemi na mtu, mtoto wake mchanga akilia hamjali. Usiku mmoja Laura, aliyelala nyuma ya pazia, asikia ukelele. Achungulia katika upenyo, aona mwangaza wa mwezi, na yule mwanamke amesimama juu ya mumewe na kisu mkononi, akimtaka amrudishe kwao mashariki. Mume amtuliza kwa maneno machache, kisu charudishwa jikoni, usiku waendelea. Asubuhi Laura aenda shule. Hakuna maelezo. Mwandishi mwenye akili kidogo angetusimulia kurasa tatu juu ya upweke wa wanawake katika mbuga zile, juu ya waume waliozipenda eka 160 na wake waliozikwa humo wakiwa hai. Bibi Wilder atoa pazia, mwezi na kisu, kisha anyamaza. Kimya hiki ni cha fundi, na nakihesabu miongoni mwa sifa zake kubwa.

Yafaa niongeze jambo moja dogo juu ya kitabu hichohicho, kwa sababu laonyesha tabia yake. Alipoposwa na mkulima kijana, Almanzo Wilder, Laura alimwambia mapema kwamba siku ya ndoa hataahidi kumtii. Alisema hivyo bila kudai haki ya kupiga kura. Hata asema haitaki. Hoja yake ilikuwa kwamba hawezi kutoa ahadi asiyoweza kuitimiza. Walioana tarehe 25 Agosti, 1885, na neno hilo halikutajwa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mikosi. Mwaka 1888 wote wawili waliugua dondakoo, na Almanzo akabaki na udhaifu wa miguu maisha yake yote. Mwaka 1889 mtoto wao wa kiume alifariki kabla ya kupewa jina, na nyumba yao ikaungua katika mwezi huohuo. Ukame ukawafukuza. Mwaka 1894 walihamia Missouri pamoja na binti yao Rose, wakanunua shamba la mawe na vichaka ambalo kwa jasho la miaka mingi lilipanuka mpaka likawa karibu eka 200. Bibi Wilder alikuwa mtu wa kuku. Alisifika kwa mayai. Mwaka 1911 alianza kuandika katika Missouri Ruralist, gazeti la wakulima, na kwa zaidi ya miaka kumi aliwaandikia wanawake wenzake habari za jikoni, bustani na mapato. Alikuwa pia katibu na mtunza hazina wa chama cha mikopo ya wakulima wa Mansfield. Watu husahau miaka hiyo, wakadhani kwamba bikizee alikaa chini siku moja akatoa kitabu. Si hivyo. Alikuwa amekwisha jifunza kumweleza mtu mwenye kazi nyingi jambo lenye manufaa, kwa maneno machache, kwa utaratibu wa kazi yenyewe.

Utaratibu huo wafikia kilele katika The Long Winter cha mwaka 1940, ambacho kwa maoni yangu ndicho bora kuliko vyote. Chahusu kipupwe cha 1880 na 1881, wakati dhoruba za theluji zilipoanza mwezi wa Oktoba na kuendelea mpaka Aprili. Garimoshi lililoleta chakula na makaa lilishindwa kupita. Mji mdogo wa De Smet ukafungiwa. Makaa yakaisha, baba na Laura wakayasokota majani makavu ya mbugani kwa mikono yao mpaka yakawa kama vijiti vigumu, wakavitia jikoni badala ya kuni, na kijiti kimoja kilipokwisha kingine lazima kiwe tayari. Unga ukaisha, wakasaga ngano katika kinu kidogo cha kahawa, kila mtu kwa zamu kutwa nzima, ili upatikane mkate wa siku ile. Mafuta ya taa yakaisha. Mama akachukua kifungo cha nguo, akakifunga kwa kipande cha kitambaa, akakipaka grisi ya magurudumu ya gari, akakiweka katika kisahani, akakiwasha.

Msomaji aliyesoma kurasa hizo aweza kwenda akatengeneza taa ile. Hiyo ndiyo sifa ya mwalimu. Lakini mwandishi afanya zaidi ya kufundisha: kadiri siku zinavyopita, sentensi zenyewe zapungua kama chakula kinavyopungua, watu waanza kusema polepole, Laura aona ugumu hata wa kufikiri. Baba, ambaye fidla yake ilisikika katika karibu kila kitabu, siku moja ashindwa kuipiga kwa sababu vidole vimevimba na kukakamaa kwa baridi na kazi ya kusokota. Njaa haitajwi sana. Yaonekana katika vidole vya mpiga fidla.

Sasa nageukia aliyoyanyamazia, na hapa twasaidiwa na hati ya kwanza ya maisha yake, iitwayo Pioneer Girl. Aliiandika mwaka 1930 kwa ajili ya watu wazima, wachapishaji wakaikataa, na haikuchapwa kamili mpaka mwaka 2014. Humo twakuta mambo yasiyomo katika vile vinane. Twamkuta mdogo wake wa kiume, Charles Frederick, aliyezaliwa mwaka 1875 na kufariki mwaka uliofuata akiwa hajatimiza hata mwaka mmoja. Twaukuta mji wa Burr Oak huko Iowa, ambako familia ilisaidia kazi katika hoteli, ambako mke wa daktari alimwomba mama ampe Laura awe mtoto wake, na ambako baba, asipoweza kulipa deni lake, aliiondoa familia usiku. Katika vitabu vya watoto, mwaka huo wa Iowa umefutika kabisa, na mtoto yule hakuzaliwa.

Wako wanaomlaumu kwa hayo. Mimi simlaumu. Msiba wa mtu ni mali yake. Akitaka kuufungia sandukuni, nani atamlazimisha kuufungua? Tena alitunga hadithi, wala hakuandika ushahidi wa mahakamani. Rose, binti yake, ambaye alikuwa mwandishi mwenye jina kabla ya mama yake, alizihariri sana hati hizo, hata wengine wamesema kwamba yeye ndiye mtungaji wa kweli. Hati zilizobaki zaonyesha mikono miwili: mama ndiye mwenye habari na sauti, binti ndiye mpangaji na mkali wa kukata. Ubishi huo naupita, maana hauvibadilishi vitabu vilivyo mbele yetu.

Kimya cha pili chanisumbua zaidi. Vitabu hivi vyasifu sana kujitegemea: familia haina mkopo wa hisani, haimwombi mtu, chote ilicho nacho ni cha mikono yake. Walakini mwaka 1875, nzige walipokwisha kula mashamba ya Minnesota, Charles Ingalls alilazimika kutia saini kwamba hana uwezo wowote, ndipo apewe unga wa msaada. Karo ya Mary katika chuo cha vipofu ililipwa na serikali ya Dakota, ingawa kitabuni twafahamishwa kwamba ni mishahara ya Laura na jasho la wazazi vilivyomweka pale. Kweli mishahara ile ilisaidia nguo na nauli, na msichana aliiteseka; lakini haikuwa yote. Na ile ardhi ya eka 160, je, haikuwa msaada wa serikali? Vitabu viliandikwa katika miaka ya 1930, wakati Marekani ilipobishana juu ya serikali kuwasaidia maskini, na Rose alikuwa mpinzani mkali wa msaada huo. Mtu akificha deni lake kwa aibu, twamwelewa. Akilificha, kisha hadithi yake ikawafundisha wengine kwamba wenye kusaidiwa ni wavivu, hapo kimya chake kimeanza kusema uwongo.

Lakini kimya kizito kuliko vyote kimo katika kitabu chenye jina kubwa kuliko vyote, Little House on the Prairie cha mwaka 1935. Baba ajenga nyumba Kansas kwa magogo, na ujenzi wenyewe waelezwa kwa uhodari uleule wa mwalimu: mlango usio na msumari hata mmoja, bawaba za ngozi, komeo la mbao. Nyumba yapendeza. Illa imejengwa juu ya ardhi ya Waosage. Familia ilipofika mwaka 1869, ardhi ile ilikuwa bado mali ya kabila hilo kwa mkataba. Sheria ya kuwahamisha Waosage kwenda nchi ambayo leo ni Oklahoma ilipitishwa mwaka 1870. Charles Ingalls alikuwa ametangulia sheria, akakaa katika nchi ya watu. Kitabuni, Waosage waingia nyumbani bila kubisha hodi, wachukua chakula na tumbaku, wanuka vibaya, watisha watoto. Haisemwi kwamba aliyeingia bila hodi kwanza alikuwa mwenye nyumba. Mwisho baba aondoka kwa hasira kwa kuwa asikia askari wa serikali watakuja kuwatoa walowezi. Hali katika maisha waliondoka mwaka 1871 kwa sababu aliyenunua nyumba yao ya Wisconsin alishindwa kumaliza kulipa. Laura mwenyewe alifika Kansas akiwa na umri wa miaka miwili tu. Aliyoyaandika hakuyakumbuka, aliyasikia kwa wazazi, na wazazi walikuwa na upande wao.

Katika ukurasa wa mwanzo wa kitabu hicho, chapa ya kwanza ilieleza nchi ile kuwa haina watu, ina Wahindi Wekundu peke yao. Mwaka 1952 msomaji mmoja alimwandikia mchapishaji kulalamika, na Bibi Wilder, akiwa na umri wa miaka 85, alikubali kwamba neno lile lilikuwa baya. Katika chapa ya 1953 neno "watu" liliondolewa, likawekwa "walowezi", neno ambalo msomaji wa Kenya halihitaji kamusi. Marekebisho ya neno moja si haba kwa bikizee wa umri ule. Lakini sentensi iliyorekebishwa ilisimama juu ya kitabu kilekile. Katika kitabu kingine, Little Town on the Prairie cha mwaka 1941, wanaume weupe, baba yake akiwa mmoja wao, wajipaka weusi usoni ili wauchekeshe mji, na mwandishi acheka pamoja nao. Na hali familia nzima ilipougua malaria kule Kansas, aliyewatibu alikuwa daktari Mweusi, George Tann, ambaye kitabu chamtaja kwa heshima na shukrani. Mwaka 2018 chama cha wakutubi wa watoto cha Marekani kiliiondoa heshima ya jina lake katika tuzo ambayo yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuipokea mwaka 1954.

Je, kijana asivisome? Avisome, lakini asianze na kile cha Kansas. Aanze na kipupwe, kisha shule. Akifika Kansas, asipite haraka kurasa za mwisho. Huko Waosage waondoka. Msafara wa farasi wapita mbele ya nyumba tangu asubuhi, wanaume, wanawake, watoto, na Laura amwona mtoto mchanga mwenye macho meusi ndani ya kikapu kando ya farasi. Aanza kulia, amtaka mtoto yule, na hawezi kueleza kwa nini. Mwandishi naye haelezi. Na kabla ya hapo, usiku mmoja, mtoto huyu alikuwa amemwuliza baba yake maswali: kama Wahindi lazima waende magharibi kila walowezi wanapokuja, na kama nchi hii ilikuwa yao, je, hawatakasirika kuambiwa waondoke? Bibi Wilder angeweza kulifuta swali hilo. Alijua kufuta, alimfuta ndugu yake wa tumbo moja na mji mzima. Hili aliliacha, katika kinywa cha mtoto, likiwa wazi na sahihi kuliko lolote lililosemwa na mtu mzima katika kitabu kile. Baba amwambia asiulize tena, alale.